Maswali ya Ardhi na Nyumba: Mgeni Anaponiomba Jina Langu

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni dalali wa nyumba hapa Shangani, Mtwara, na huu ni mwaka wangu wa tatu katika kazi hii. Nimepata mteja Mwingereza, mstaafu, ambaye alifika kwanza kwa kazi za gesi na sasa anataka kuhamia huku. Ameipenda nyumba ya kale ya mawe kule Mikindani, mali ya urithi, ambayo familia inaiuza kwa shilingi milioni 90. Alipoelezwa kwamba mgeni hamilikishwi ardhi, aliniomba hati iandikwe kwa jina langu, kisha mimi na yeye tuandikiane mkataba wa pembeni kwamba nyumba ni yake. Kwa hisani hiyo atanipa milioni 10 nje ya udalali. Familia haina pingamizi. Je, nikubali? (Dalali, Shangani)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikubali. Nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa naona hukukusudia ubaya, na kwa kuwa najua milioni 10 ni fedha nyingi kwa kijana anayeishi kwa udalali wa pango la mwezi mmoja.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sisi raia tunapewa haki ya kuitumia kwa muda, ambao waweza kufika miaka 99. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, kinasema kwamba asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji unaotambuliwa na sheria ya uwekezaji, na makazi ya mstaafu si uwekezaji. Wala mteja wako hawezi kusema kwamba ananunua kuta na paa huku kiwanja kikibaki cha familia, kwa sababu sheria hiyohiyo, inapotaja ardhi, inayahesabu pamoja nayo majengo yaliyojengwa juu yake. Kuunda kampuni nako hakumfai ikiwa wenye hisa walio wengi si raia, maana kampuni ya namna hiyo huhesabiwa kuwa ya kigeni.

Huo mkataba wa pembeni ndio unaonitia hofu zaidi. Chini ya Sheria ya Mikataba, makubaliano ambayo lengo lake ni kukwepa sheria ni batili, kwa hiyo siku mtakapokosana, mzee huyo hatakuwa na karatasi ya kumpelekea hakimu. Ukifariki wewe, na hakuna ajuaye siku yake, nyumba itaingia katika mirathi yako na wanao wataihesabu kuwa mali ya baba yao. Ukishindwa kulipa mkopo, anayekudai ataiona nyumba ya Mikindani kwa jina lako na ataitaka. Mzee wa watu atakuwa ameweka akiba ya uzeeni mwake juu ya uhai wako, afya yako na uaminifu wa watoto wako, na sidhani kwamba kuna aliyemweleza hivyo waziwazi. Mweleze wewe.

Kwa upande wako pia lipo la kuogopa. Sheria ya mwaka 2006 ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu inamhesabu wakala wa mauzo ya nyumba kuwa mtoa taarifa: anatakiwa kumtambua mteja wake kwa nyaraka, kujua fedha zinatoka wapi, na kukijulisha Kitengo cha Udhibiti wa Fedha Haramu akiona jambo la kutiliwa shaka. Utawezaje kutimiza wajibu huo katika mauziano ambayo wewe mwenyewe ndiye uliyemficha mwenye mali? Na siku utakapoulizwa na ofisi ya kodi jinsi ulivyopata milioni 90, utajibu nini?

Mteja huyu, hata hivyo, hujampoteza. Anachokihitaji ni mahali pa kukaa kwa amani, na mahali hapo anaweza kupanga. Familia ibaki na nyumba yake, naye apewe mkataba wa pango ulioandikwa na wakili, unaotaja muda, kodi, namna ya kuuhuisha, na hasa nani analipia matengenezo. Nyumba za kale za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zinadai kazi kubwa kabla hazijakalika. Mpangaji akikubali kuitengeneza, gharama hiyo ikatwe kwenye kodi kwa hesabu iliyoandikwa, mwezi kwa mwezi, na iandikwe bayana kwamba yote yaliyojengwa yatabaki kwa familia muda ukiisha. Naomba pia msiwaruhusu mafundi kupiga plasta ya saruji juu ya kuta za chokaa, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani na ukuta huanza kumeguka. Nyumba hizo zimekaa miaka mingi kwa sababu kuta zake zinapumua. Kabla ya kubomoa chochote, ulizeni kwa watu wa Mambo ya Kale kama jengo linalindwa na sheria yao ya mwaka 1964. Iwapo mzee anaota kibaraza kipya kuelekea baharini, akumbushwe kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Ikiwa nia yake ni nyumba ya wageni ya kibiashara, hapo njia ya uwekezaji ipo, na anayewekeza hupewa haki isiyo asili, yaani haki ya kuitumia ardhi inayotokana na haki ya mwenye ardhi mwingine, kupitia mamlaka ya uwekezaji, ambayo tangu mwaka 2025 inaitwa TISEZA. Lakini chini ya sheria ya uwekezaji ya mwaka 2022 mtaji wa chini kwa mradi wa mgeni ulikuwa dola 500,000 za Marekani, na kwa bei ya nyumba uliyoitaja naona mzee wako hayuko katika kundi hilo.

Umeandika kwamba familia haina pingamizi. Ni nani aliyesema hivyo kwa niaba yao? Nyumba ya urithi haiuzwi wala haipangishwi na yule tu aliyeshika funguo. Anayetakiwa kutia saini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya uteuzi uione kwa macho yako. Huku kwetu, ambako Wamakonde na Wamwera wengi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, nimeshuhudia mauziano yaliyokamilika kwa furaha yakivunjwa na mjomba ambaye hakuna aliyekumbuka kumwita. Mwiteni mapema. Kisha omba upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa, ujue hati iko kwa jina la nani na kama ina rehani, kwa sababu barua ya serikali ya mtaa haijibu swali hilo.

Jambo la mwisho linahusu malipo yako. Weka ada yako kwa maandishi kabla ya kuwakutanisha, na uiache hiyo tabia ya cha juu. Mgeni ambaye hajui Kiswahili akitajiwa bei moja na familia ikatajiwa nyingine, huo ni wizi, hata kama mtaani umezoeleka, na ndiyo unaowafanya watu wamtazame kila dalali kwa jicho la mashaka. Taja bei moja mbele ya wote wawili, kwa lugha zote mbili.

SWALI: Mimi pia ni dalali, naishi Ligula. Mgeni mmoja anataka tuwe wabia katika ofisi ya udalali: yeye atafute wateja kutoka nje ya nchi na kusimamia mauzo, leseni iwe kwa jina langu. Inafaa? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Haifai. Amri iliyotolewa Julai 2025 iliorodhesha shughuli 15 za biashara ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya, na udalali wa nyumba na ardhi umo katika orodha hiyo. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo, na raia anayemsaidia naye ana adhabu yake. Leseni yako ni yako. Itumie kwa kazi unayoifanya wewe.

SWALI: Ninaishi Mtanda, Lindi, na ni mjane. Nina kiwanja chenye nyumba ya vyumba vitatu. Vijana wangu wananishauri nikope benki, nijenge nyumba nne za kisasa kwa ajili ya wageni watakaokuja na mradi wa gesi wa Likong'o, kisha nitoze kodi kwa dola. Nimeona nikuulize kwanza. (Mama wa Mtanda)

JIBU: Shikamoo mama, na ahsante kwa kutuandikia kabla ya kutia saini.

La dola linaisha haraka: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni katika miamala ya ndani ya nchi, na pango limo. Mkataba wako uwe wa shilingi, hata kama mpangaji analipwa mshahara wake kwa dola. Mpangaji huyo, akiwa na wajibu wa kukata kodi ya zuio, atakata asilimia 10 ya pango na kuipeleka serikalini, nawe umdai stakabadhi.

Kuhusu mkopo, naomba usikope kwa matumaini ya Likong'o. Mradi huo umekuwa ukitajwa kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 2022 Serikali na kampuni za Equinor na Shell zilitia saini makubaliano ya awali, na watu walishangilia, lakini makubaliano ya awali hayamleti mpangaji mlangoni. Waulize wenye nyumba wa Mtwara. Wakati wa utafutaji wa gesi na ujenzi wa bomba la kwenda Dar es Salaam, lenye urefu wa kilomita 542, kodi za Shangani zilipanda kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona, na watu wakajenga hoteli na nyumba za kupangisha kwa mikopo. Kuanzia mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ilishuka, utafutaji ukapungua, bomba likakamilika mwaka 2015, na wageni wakaondoka. Vyumba vilibaki vitupu, huku marejesho ya benki yakiendelea kudaiwa kila mwezi.

Kama una akiba, jenga nyumba moja ndogo, imara, yenye maji ya uhakika na choo cha ndani, na upige hesabu kwa kodi ambayo mwalimu au muuguzi wa Lindi anaweza kulipa leo. Mradi ukija, mhandisi wa kigeni ataweza kukaa humo. Usipokuja, muuguzi atakaa humo, na wewe hutakuwa umeweka rehani nyumba unayolala. Vijana wakisisitiza mkopo, waombe wakuoneshe kwa maandishi ni nani atakayelipa marejesho ya miezi 12 ya kwanza ikiwa hakuna mpangaji hata mmoja, na karatasi hiyo uende nayo benki kabla ya kuweka saini yoyote.