Fundi, diski zangu zinapotea asubuhi

SWALI: Kamwene fundi, na shikamoo. Napiga video za harusi na kipaimara hapa Mafinga. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na SSD moja (ile diski isiyo na sahani za kuzunguka) na hadidiski moja, zikanitosha miaka. Mwaka huu nimeongeza hadidiski tatu za inchi 3.5. Plagi za umeme zilikuwa zimeisha, nikanunua waya wa kugawa: upande mmoja plagi moja ya SATA, ile bapa ya kupeleka umeme kwenye diski, upande wa pili zinatoka nne. Hadidiski zote nne nimezichomeka hapo. Sasa nikiwasha asubuhi, mbili hazionekani, nasikia tik, tik, tik. Nikizima na kuwasha tena harakaharaka, zinakuja. Jirani anasema ni baridi. Pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, imeandikwa wati 450. Ninunue ya 750?

JIBU: Marahaba, kamwene. Hela yako kaa nayo kwanza. Ukishanakili kazi zako kama nitakavyoeleza mwisho, zima mashine, chomoa waya ukutani, fungua kesi, toa huo waya wa kugawa, kisha uunuse. Sitanii. Halafu tazama plastiki pale pini zinapoingia. Ukiona imegeuka rangi ya chai, au pini imezama kama iliyokaa kwenye siagi, kilichokuokoa ni bahati.

Jirani mwambie baridi siyo chanzo kikubwa. Hadidiski ikishazunguka inakula wati 5 hadi 10 tu. Kazi iko kwenye kuanza. Sahani zimelala, mota inabidi izifikishe mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kwa sekunde chache diski moja huvuta karibu ampia 2 kwenye laini ya volti 12. Umewahi kuona mkokoteni wa viazi pale Uyole? Kuuondoa wanasukuma watu wanne, ukishatembea mmoja anautosha.

Diski zako nne zinaanza kwa pamoja: ampia 8. Plagi ya SATA ina pini 15, lakini za volti 12 ni tatu, na kila moja imetengenezwa kwa ampia 1.5. Jumla 4.5. Wewe unapitisha 8 kwenye tundu hilo kila asubuhi. Volti zinashuka, diski inashindwa, inajaribu upya, ndiyo hiyo tik tik. Ukiwasha tena haraka sahani hazijasimama kabisa, kwa hiyo msukumo unaohitajika ni mdogo.

Kwa hiyo wati 750 hazikusaidii kitu kama mzigo wote bado unapita kwenye tundu lilelile. Diski nne zikianza ni kama wati 100, na wakati huo prosesa yako haijaanza hata kufikiria video. Ila geuza pawasaplai usome karatasi yake, mstari wa +12V. Ukikuta ampia 30, hiyo ni wati 360, inakutosha. Ukikuta 15 na kopo lenyewe jepesi kama la maziwa, basi namba 450 ni ya kuuzia, badilisha.

Sasa nyaya. Diski mbili zichomeke kwenye plagi za SATA zinazotoka kwenye pawasaplai yenyewe. Plagi kadhaa kwenye waya mmoja wa kiwandani hazina shida, maana kila diski inapata pini zake. Mbili zilizobaki zitoe kwenye Molex, ile plagi nene ya pini nne: njano volti 12, nyekundu volti 5, nyeusi mbili. Hiyo inahimili. Lakini chagua adapta ya kutoka Molex kwenda SATA ambayo nyaya zake unaziona zikibanwa moja moja chini ya kifuniko. Zile zilizomiminiwa plastiki ya moto juu ya nyaya ziache dukani, hata kama ni buku mbili. Ndani nyaya husogea, njano ikagusa jirani yake, na moshi ukitoka umechelewa.

Na kama pawasaplai yako ni ile ambayo nyaya zinachomolewa upande wake, usiazime waya wa pawasaplai nyingine. Upande wa diski zote zinafanana, ila upande wa pawasaplai kila kampuni hupanga pini inavyotaka. Mimi niliazima, hapa kibandani Mwanjelwa, foleni ya wateja ikiwa mlangoni. Ilichomeka vizuri kabisa. Volti 12 zikaingia palipokuwa pa 5, na hadidiski mbili za mteja zikaenda kwa mpigo mmoja. Nililipa diski, picha za mazishi ya baba yake sikuwa na cha kulipia.

Kwa hiyo kabla bisibisi haijagusa kesi, subiri siku diski zote zimeonekana, usizime, kisha nakili harusi ambazo hujawakabidhi wenyewe kwenye diski ya nje. Waya wa kugawa ukate kwa koleo kabisa, maana ukiuweka kwenye droo, siku moja utakosa plagi tena.