Shabu-shabu ya kula mpaka ushibe: anza na mboga

Mara yangu ya kwanza kula shabu-shabu, chakula cha Kijapani cha nyama na mboga mnazojipikia wenyewe mezani katika sufuria ya mchuzi, ilikuwa Osaka, Japani, mwaka wa kwanza wa masomo. Tulikuwa wanne, tumeshinda na njaa makusudi. Tulipopewa tableti ya kuagizia tukaagiza sahani kumi na mbili za nyama kwa mkupuo, tukazimimina sufuriani kama tunabandika supu nyumbani. Mchuzi ukapoa, nyama ikagandamana, povu la kijivu likatanda juu. Muda ulipokwisha sahani tatu zilikuwa bado mbichi mezani, na tukatozwa fedha ya ziada kwa tulichobakiza. Fedha tulilipa, lakini kilichoniuma zaidi ni nyama nzuri kama ile kwenda jalalani.

Tangu hapo nimerudi mara nyingi, na kila mgeni anayenitembelea kutoka nyumbani nampeleka. Njiani humweleza haya.

Unacholipia ni muda. Sehemu nyingi hutoa dakika 90 au 100, na oda ya mwisho hufungwa mapema, aghalabu dakika 20 au 30 kabla. Bei hufuata nyama: nguruwe ndiye rahisi, ng'ombe wa kawaida yuko katikati, wagyu, yaani ng'ombe wa mbegu za Kijapani, yuko juu. Kwa kawaida meza nzima huchukua mpango mmoja, kwa hiyo pataneni kabla ya kuingia. Mimi hushauri mpango wa kati, maana wagyu ina mafuta mengi na sahani mbili tu hukinaisha. Tazama pia kama bei ina kodi ya asilimia 10 ndani yake, kwani tarakimu kubwa kwenye menyu mara nyingi haina. Bakshishi Japani haitolewi.

Mkishaketi, anzeni na mboga. Kabichi ya Kichina, vitunguu vya majani, karoti, uyoga, na tofu, ile ya soya iliyogandishwa kama jibini. Hizi huchelewa kuiva, na ndizo zinazoutia mchuzi utamu. Mchuzi wa asili wenyewe ni maji tu yaliyolowekwa kombu, yaani mwani mkavu, hivyo msishangae mkiuonja ukawa kama hauna kitu. Subirini.

Kisha nyama, iliyokatwa nyembamba kama karatasi. Shika kipande kimoja kwa vijiti, kitie mchuzini, kipeperushe huku na huku. Mlio huo wa majini ndio jina la chakula, shabu, shabu, jina lililozaliwa Osaka hiyohiyo mwaka 1952, katika mgahawa wa Suehiro. Nyama ya ng'ombe ikiacha wekundu, itoe. Ni sekunde chache tu. Ya nguruwe usiifanyie haraka, isubiri iwe nyeupe kote. Japani yenyewe tangu 2015 imepiga marufuku migahawa kuuza nguruwe wa kuliwa mbichi. Na vijiti au koleo lililogusa nyama mbichi lisiingie kinywani. Povu likipanda, liengue kwa upawa wa matundu uliowekwa pembeni. Ukiliacha, mchuzi wote hupata shombo. Sahani zikibaki mbili, agiza mbili nyingine, si sita.

Kuhusu sosi, mimi hupenda ponzu, yenye soya na ndimu, kwa nyama ya mafuta, na ile ya ufuta kwa mboga.

Kwa Waislamu nasema kwa mkazo. Rafiki yangu wa Mombasa aliwahi kualikwa na wenzake wa darasani, akafika akakuta nguruwe ameshaingia sufuriani. Alikaa saa nzima na glasi ya chai, na kila mtu mezani akakosa raha. Sufuria iliyogawanywa kati haitoshi, kwa sababu sake, yaani pombe ya mchele, na mirini, kiungo kitamu cha mchele ambacho nacho kina kilevi, huwemo katika michuzi na sosi nyingi. Tokyo na Osaka kuna migahawa ya halali. Ukiwa mwenyeji, chagua huko tangu mwanzo ili mgeni wako asilazimike kuuliza mbele za watu.

Halafu bakiza nafasi tumboni. Wajapani humaliza kwa kile wanachokiita shime. Nyama na mboga zikisha, mchuzi umebeba ladha ya kila kilichopita humo. Hapo hutiwa tambi nene za udon, au wali, ukachemka mpaka ukalainika, kisha yai lililopigwa likazungushwa juu na moto ukazimwa. Huo wa wali huitwa zosui. Mama alipokuja kutoka Tanga alikula nyama kidogo sana, lakini zosui aliomba bakuli la pili, akasema ulaini wake unamkumbusha bokoboko la Idi. Sasa mimi wali na mayai huviagiza kabla oda ya mwisho haijafungwa, hata kama nyama bado ipo mezani.