Udhibiti au uthibiti wa mfumo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkaguzi wa ndani katika chama cha akiba na mikopo. Kwenye rasimu ya ripoti kuhusu mfumo wetu wa kompyuta wa uhasibu niliandika “udhaifu katika udhibiti wa ndani”. Mwenzangu akakata, akaweka “uthibiti”. Nani kapatia? Na je, kukagua si ndiko kudhibiti?

JIBU: Marahaba. Umepatia wewe, na usikubali neno hilo liguswe.

Kudhibiti ni kukishika kitu kisiponyoke. Mfumo uliodhibitiwa humkatalia karani aliyeandaa hati ya malipo asiiidhinishe mwenyewe, humdai kila mtu nywila yake, na huweka kumbukumbu ya nani alibadili tarakimu gani, saa ngapi. Kuthibitisha ni kuonyesha kwamba jambo ni kweli: mfumo unasema benki mna shilingi 4,000,000, nawe unachukua taarifa ya benki uone kama zimo. Salio laweza kuthibitishwa leo likawa sahihi mpaka senti ya mwisho, na bado mfumo ukawa haujadhibitiwa hata kidogo, kwa sababu nywila ya mhasibu imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Herufi moja tu, na bodi yenu itatafuta tatizo mahali lisipokuwapo.

Maneno yote mawili yametoka Kiarabu, ila kwa mizizi tofauti. Ndugu wa thibitisha ni thabiti na uthabiti. Ukiwa na shaka, weka vidole kooni utamke: dh hutetemesha koo, th haitetemeshi. Ninyi watu wa mikopo mna jozi nyingine ya kuchunga: thamani ya nyumba ni bei yake, dhamana ni nyumba hiyo ikishawekwa rehani.

Ama swali la pili, litazame katika cheo cha Tanzania: Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kwa Ibara ya 143 ya Katiba, kwanza huhakikisha fedha zinazotaka kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina zimeidhinishwa. Huko ndiko kudhibiti. Kisha, angalau mara moja kwa mwaka, hukagua hesabu. Kenya, kwa Katiba ya 2010, ilizitenga kazi hizo: Mdhibiti wa Bajeti kwake, Mkaguzi Mkuu kwake.

Nawe huna kazi ile ya kwanza, ya kudhibiti. Wanaodhibiti mfumo wenu ni wanaouendesha. Wewe unaupima udhibiti wao. Kwa hiyo pale ukurasa wa kwanza andika “tumekagua udhibiti wa mfumo”, usiandike “tumedhibiti mfumo”.