Preparateri fizike bila mashini, inawezekana?

ULIZO: Yaya, jambo. Mimi niko kijana wa Katuba, nasimamia jimu ndogo hapa kwetu, vyuma navijua vizuri. Nataka niwe preparateri fizike, yaani mwenye kuandaa miili ya wachezaji, wa ekipe ya mpira, siku moja hata Mazembe ama Lupopo, mbona wanatoka hapahapa Lubumbashi. Kochi mmoja wa mtaa anataka nimsaidie lakini hawana GPS ya kupima mbio za wachezaji, hawana mashini, ni koni tu na uwanja wa vumbi. Nianzie wapi, na ni diplome gani wanaitafuta?

JIBU: Mdogo wangu, kubali leo leo. GPS achana nayo, nunua kaye (daftari). Antrenema (mazoezi) ikiisha ngoja kama nusu saa, halafu muulize kila mchezaji, imekuwa ngumu namna gani, toka 0 mpaka 10? Namba anayokupa unazidisha na dakika, yaani dakika 90 mara 7 ni 630, unaandika. Ni mbinu ya Carl Foster wa Marekani, hata ekipe zenye pesa wanaitumia. Ila uliza mmoja mmoja pembeni, juu ukiuliza mbele ya wote kapiteni akisema "tatu" basi wote ni tatu, hata yule anayechechemea. Na umuulize pia ameshindaje, maana kuna mwenye ameshinda anabeba saruji mchana mzima halafu jioni unamkimbizisha, ule uchovu hauko kwenye programu yako lakini uko kwenye miguu yake. Kila wiki jumlisha namba za kila mtu; ukiona jumla ya mtu imeruka toka 1500 mpaka 3000, nenda kwa kochi kabla msuli haujachanika.

Kupasha moto wafanyishe FIFA 11+, yaani mazoezi ya FIFA ya kuzuia majeraha, dakika 20 hivi, angalau mara mbili kwa wiki, haidai mashini. Mle ndani kuna ile ya kupiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unashuka mbele polepole. Wanaoanza wape 3 mpaka 5 tu, bana, kesho yake misuli ya nyuma ya paja inauma sana. Na vyuma vizito vya miguu viweke mwanzo wa wiki, usije ukavipiga Ijumaa na mechi ni Jumapili, hapo ndio watu wa jimu wanafukuzwaga haraka.

Diplome sasa. Lisansi za CAF, shirikisho la mpira la Afrika (D, C, B, A mpaka Pro), ni za ukochi, D itakusaidia uelewane na kochi, ulizia kwa antante (chama cha mpira cha mji), lakini haikufanyi preparateri. Ile CSCS, cheti cha wafundishaji wa nguvu na mazoezi ya mwili cha chama cha NSCA cha Marekani, inajulikana mbali ila wanadai uwe na diplome ya chuo kikuu kwanza, kwa hiyo kama uko na njia soma elimu ya viungo ama kineziterapi (tiba ya viungo).

Jimu usiiache kwanza. Ekipe ndogo mara mingi inakupa franka za usafiri tu, na hata kwenye kubwa, kochi akifukuzwa stafu yake mara nyingi inaondoka naye, na wewe ndani.