Niliogopa troli iliyokuwa mbele yangu

Wiki iliyopita gazeti liliuliza: kwa nini watu hukimbilia kununua na kulimbikiza vitu mlipuko wa ugonjwa unapotokea, na nani huumia? Naomba nijibu nikiwa kizimbani, maana na mimi nimo.

Machi 2020, siku chache baada ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kusema korona sasa ni janga la dunia nzima, niliingia dukani kununua dawa ya meno. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anasukuma troli iliyojaa sabuni hadi zinadondoka. Rafuni zilibaki tisa. Nyumbani nilikuwa nazo nne, na nilijua ninazo. Nikachukua nane. Ile ya tisa niliiacha kwa haya, nikajiona muungwana.

Nimelifikiria sana tendo lile. Aliyenituma ninunue sabuni nane ni ile troli, wala si virusi. Hawa wakizoa zote, mimi nitanawa na nini? Na huenda yule mama naye alikuwa ameona troli ya mwingine. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema chanzo ni ujinga na uchoyo tu. Kila mmoja wetu alikuwa anakisia mwenzake atafanya nini, na kisio likawa kweli kwa sababu sote tulilifuata. Japani yalitokea hayo hayo mwaka 1973 bila ugonjwa wowote: mafuta ya petroli yalipanda bei, ukavuma uvumi kwamba karatasi za chooni zitaadimika, watu wakapanga foleni, na kweli zikaadimika.

Karatasi hizo, zilizochekwa sana mwaka 2020, zina kisa chake. Ni nyepesi lakini zinakula nafasi, kwa hiyo duka haliweki nyingi, na pakiti ishirini zikiondoka rafu nzima inabaki wazi. Mtu anapiga picha, anairusha kwenye simu, na waliokuwa wametulia nao wanatoka mbio. Tena watu walikuwa wamefungiwa majumbani, hivyo matumizi ya nyumbani yalipanda kweli, huku zile karatasi za roli kubwa za maofisini zikikosa wa kuzitumia.

Hesabu yenyewe ni fupi. Duka lina mzigo wa wiki mbili. Kila nyumba ikichukua pakiti mbili badala ya moja, mzigo umekwisha kwa wiki moja, na kiwanda hakijasimama hata dakika. Mwenye duka akiona hivyo anaagiza mara mbili, muuzaji wa jumla anaongeza yake juu, na kiwandani wanadhani dunia imeanza kutumia karatasi maradufu. Miezi michache baadaye stoo zimejaa na hakuna mnunuzi.

Tangazo la "pakiti mbili kwa kila mteja" nalikubali, ila libandikwe mapema. Likibandikwa rafu zikiwa zimeshapwaya, linasomeka kama king'ora. Hata kiongozi akisimama kusema "msiwe na hofu, bidhaa zipo", nusu ya wasikilizaji tayari wanatafuta viatu.

Nani huumia? Kwanza anayelipwa kwa siku. Hawezi kununua ya mwezi mzima hata akitaka. Anakuja jioni na hela ya siku hiyo, anakuta sisi wa troli tumepita. Kisha wauguzi. Tarehe 3 Machi 2020 WHO ilionya kwamba ulimbikizaji na matumizi mabaya ya vifaa vya kujikinga vinawaacha wahudumu wa afya hatarini. Bei ya barakoa za hospitali ilikuwa imepanda mara sita. Ila walioniuma zaidi ni wagonjwa wa baridi yabisi na wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Haidroksiklorokwini, dawa ya malaria ambayo wagonjwa hao nao huitumia, ilipovumishwa kuwa inatibu korona, watu wasioihitaji waliikimbilia, na waliokuwa wakiimeza kila siku kwa miaka wakaambiwa imekwisha. Baadaye majaribio yakaonyesha haiwasaidii wagonjwa wa korona waliolazwa.

Sabuni zangu nilizipanga chini ya kitanda. Mke wangu alizihesabu, akauliza tunaoga wangapi humu ndani. Nikamwambia habari za yule mama wa troli. Akaniuliza kama niliangalia nani alikuwa nyuma yangu.

Sikuangalia.