"Naomba" yako na "leta" yao

Juma lililopita msomaji mmoja, binti wa Morogoro aliyeanza kazi Nairobi, aliniuliza kama wenzake ofisini wanamdharau, kwa kuwa humwambia "leta hiyo" bila salamu wala tafadhali. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana swali hilo nimewahi kulala nalo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Asubuhi yangu ya kwanza Nairobi niliingia mkahawani nikasema, "Samahani dada, naomba chai ya maziwa na mandazi mawili." Mhudumu alitupia begani kitambaa cha kufutia meza, akanitazama hadi viatuni, akauliza, "Unaomba, kwani huna pesa?" Meza ya jirani iliangua kicheko, nami nikalipa kabla sijanywa.

La chai lilipita. Lililoniuma ni la ofisini. Mkuu wangu aliniuliza kama hesabu za mwezi zingekuwa tayari Ijumaa, nikamjibu, "Nitajitahidi, Mungu akipenda." Kwetu, mtu mwenye malezi angeelewa papo hapo kuwa Ijumaa haiwezekani, na kwamba ninamwepushia fedheha ya kukataliwa mbele ya watu; lakini yeye alisikia ndiyo. Ijumaa ilinikuta mikono mitupu, naye akaandika katika tathmini yangu kuwa ninazunguka na sisemi ukweli. Mimi, mtoto wa mwalimu wa madrasa, kuitwa mwongo! Karatasi ile ninayo hadi leo.

Hata hivyo, nami nilikuwa nimekwisha kuwahukumu Wakenya wote kuwa hawana adabu, nikisahau kuwa Mombasa nako ni Kenya, na watu wake husalimiana hadi chai ipoe. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na walowezi waliokuja baadaye walikuwa na Kisetla chao, Kiswahili cha kuwaamuru watumishi. Kwetu Tanga, Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya mama na mwanawe. Adabu ya Nairobi hukaa katika sauti, utani na vitendo, ilhali mimi niliitafuta katika "naomba". Mkuu yuleyule ndiye aliyenipeleka hospitali usiku nilipougua, akifoka, "Ingia gari, wacha maneno!"

Kwa hiyo, binti yangu, salamu zako usiziache, na chai uiombe kama ulivyofunzwa. Tarehe tu ndiyo usiisitiri: sema, "Ijumaa haitawezekana, Jumatatu saa nne itakuwa mezani kwako," kisha ndipo uombe radhi kadiri upendavyo.