Kabla hujapima homoni, tazama saa

Utafiti wangu wa kwanza wa homoni uliharibiwa na saa. Nilitaka kujua kama wanafunzi wa kiume wenye testosteroni nyingi (homoni itokayo hasa kwenye korodani) hucheza kwa ukali zaidi mchezo wa ushindani kwenye kompyuta. Nikawatemesha mate kwenye vichupa kila mtu alipopata nafasi: wengine asubuhi, wengine jioni baada ya vipindi. Sasa, testosteroni ya mwanaume huwa juu asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyokwenda. Kwa hiyo nilichopima, tena kwa uangalifu mkubwa, ni ratiba ya masomo ya wenzangu.

Msimamizi alipoliona jedwali hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hawa walioshinda, uliwapima kabla au baada?" Baada. Hapo nikaishiwa maneno, maana ushindani wenyewe unaweza kuigusa homoni. John Wingfield na wenzake walilieleza hili kwa ndege mwaka 1990: madume yanapogombea eneo au jike, testosteroni yao hupanda. Mimi nilikuwa nimechora mshale mmoja tu, kutoka homoni kwenda tabia, na kumbe njia ni ya kwenda na kurudi.

Ukiniuliza leo uanzie wapi, nitakupeleka kwa majogoo. Mwaka 1849, Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, aliwahasi majogoo wachanga. Waliobaki bila korodani hawakuwika kama jogoo, hawakupigana, na undu wao ulidumaa. Wengine aliwarudishia korodani katikati ya matumbo, mahali ambapo si pake, na hao wakakua majogoo kamili. Mishipa ya fahamu ya awali ilikuwa imekatwa, hivyo ujumbe ulipita kwenye damu. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba aliondoa, kisha akarudisha. Wewe mwenye vichupa vya mate huondoi wala hurudishi chochote, basi katika tasnifu yako andika "huendana na", usiandike "husababisha". Neno hilo moja lilinigharimu marudio mawili ya sura nzima.

Amua pia unauliza kuhusu wakati gani wa maisha. Mwaka 1959, Phoenix, Goy, Gerall na Young waliwapa simbilisi wenye mimba testosteroni. Watoto wa kike waliozaliwa, hata walipokomaa na kupewa estrojeni na projesteroni, homoni za ovari, walikuwa wagumu kuonyesha tabia ya kumpokea dume. Homoni ilikuwa imeupanga ubongo mapema, mbali na ile kazi yake nyingine ya kuuamsha baadaye. Namba unayopima leo kwa mtu mzima haikuambii yaliyompata tumboni mwa mama yake.

Na tafadhali acha kusema "homoni ya kiume". Ndani ya ubongo, kimeng'enya cha aromatasi huigeuza testosteroni kuwa estradioli, aina ya estrojeni, ile tunayoiita "homoni ya kike", na kwa panya sehemu kubwa ya kuufanya ubongo uwe wa dume hupitia hiyo hiyo estradioli. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani kitabu kimekosewa kupigwa chapa.

Mradi wangu wa pili ulikuwa wa panya, na niliomba madume tu. Majike, nilisema, yana mzunguko wa homoni za uzazi, yatanivurugia data. Huo ni uvivu unaovaa koti la maabara. Mwaka 2014 Prendergast na wenzake walipitia makala karibu 300 za panya wadogo wa maabara na kukuta majike hayatofautiani kati yao zaidi ya madume. Tena mzunguko wenyewe ndio wenye utamu: wa panya ni siku nne au tano, na Woolley na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba vichomozo vidogo vinavyopokea ujumbe kwenye seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, huongezeka na kupungua ndani ya siku hizo chache. Basi kila asubuhi, saa ile ile, nikawa nachukua majimaji ya uke na kuyaweka chini ya hadubini, nijue kila jike yuko hatua gani ya mzunguko: seli za duara zenye kiini, au magamba yasiyo na kiini, au chembe nyeupe zimejaa. Wiki ya kwanza zote zilifanana machoni mwangu. Ya tatu nilikuwa nazitambua kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

Ukifanya kazi na watu, kibali cha maadili kwanza, na uliza kwa staha kuhusu hedhi na vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu vidonge hubadilisha homoni unazozitafuta. Usitumie pamba kukusanya mate. Huharibu vipimo vya baadhi ya homoni. Na waombe wasipige mswaki muda mfupi kabla ya kutema: fizi ikivuja damu hata kidogo, homoni za damu huingia kwenye mate na namba hupanda. Hilo nililijua kichupa cha sita kilipotoka na rangi ya waridi.